Godoro la Mkaguzi wa Pamba

Baba yangu alistaafu kazi ya kukataa. Kwenye karatasi za ofisi aliandikwa mkaguzi wa madaraja ya pamba, na chama cha ushirika kilimweka kwenye cheo hicho miaka thelathini, lakini mtu yeyote wa Bariadi aliyewahi kulima pamba angekuambia kazi yenyewe ilikuwa nini. Mkulima anafika kwenye godauni na mzigo wake, baba anaukagua, kisha anatamka neno moja kati ya mawili: safi, au fifi. Safi ilikuwa daraja la kwanza. Fifi ilikuwa pamba yenye majani, yenye madoa ya wadudu, iliyonyeshewa au iliyookotwa chini. Na kama fifi yenyewe imezidi uchafu, mwenye mzigo alirudishwa uani, akatandika turubai juani na kuanza kuichambua upya kwa vidole, huku wenzake wakimpita kwenda kwenye mizani. Baba hakuwa na roho mbaya, ila msimu ukianza roho yenyewe aliiacha nyumbani.

Nimtetee kidogo, maana nitamsema sana. Wakulima wetu nao hawakuwa malaika. Juu ya mzigo waliweka pamba nyeupe ya kupendeza, katikati wakashindilia takataka zote za shamba. Wengine waliongeza mchanga, wengine maji, na bwana mmoja aliweka jiwe la kusagia, zima, akidhani mizani haitasema na baba hatauliza. Ndiyo maana baba hakuhangaika kutazama juu ya mzigo. Alikunja mkono wa shati, akautumbukiza mkono katikati ya pamba mpaka karibu na kwapa, akafumba macho, akapapasa, kisha akachomoa tonge. Alilivuta tonge lile kati ya vidole gumba viwili huku amelisogeza sikioni, akisikiliza nyuzi zinavyokatika. Akishasikiliza ndipo anasema, na akisema hajirudii.

Shida yetu sisi wa nyumbani ni kwamba mkono ule haukujua saa za kazi. Baba alikagua mchele wa mama kabla haujaingia chunguni. Alikagua ripoti zetu za shule, na kwaya ya kanisani aliipa daraja kila Jumapili tukiwa njiani kurudi. Nilipomaliza kidato cha nne nikawa nyumbani nasubiri ajira au mchumba, chochote kitakachotangulia, akaja kijana mmoja karani kutoka Kalemela, amevaa suti ya kuazima. Baba alimpa mkono, akaushikilia muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, kisha akaingia ndani kumwambia mama, "Juu safi. Katikati fifi." Nililia siku mbili. Baadaye yule kijana alioa wake wawili ndani ya mwaka mmoja na wote hawakujuana, lakini hilo sikumwambia baba asije akavimba kichwa.

Halafu ikaja miaka ya tisini, na biashara huria. Ilianza kwenye sukari na mitumba, ikafika kwenye pamba. Wanunuzi binafsi waliingia vijijini na magari yao, wakatundika mizani kwenye mti wowote uliosimama vizuri kando ya barabara, wakanunua. Hakukuwa na safi wala fifi. "Pamba ni pamba," walisema, na watu waliipenda sentensi hiyo kuliko mahubiri. Kwenye magodauni ya ushirika popo wakahamia. Akina mama waliokaa juani nusu ya maisha yao wakitoa majani kwenye pamba walitupa turubai zao na kuwacheka waliowahi kuwaogopa.

Siku moja baba alipanda baiskeli kwenda kuona mwenyewe. Mimi nilikuwa nyuma, kwenye keria, kwa sababu mama aliniambia nisimwache peke yake. Tulikuta kundi la watu na mizani, na kijana wa kampuni amevaa miwani ya jua. Baba hakusalimia. Alikunja mkono wa shati, akautumbukiza kwenye mzigo uliokuwa unasubiri kupimwa, akatoka na nusu tofali. Alimwonyesha yule kijana tofali lile akitegemea dunia isimame. Kijana akasema, "Mzee, pisha watu." Tulirudi nyumbani, na usiku ule baba alikula ugali bila kuukagua. Nilimwonea huruma mpaka nikamchukia yule kijana na miwani yake, na sijaacha.

Barua ya kustaafu ilifika msimu huohuo. Umri ulikuwa umetimia kweli, wala hakuna aliyemwonea, ila ofisi iliiandika kwa haraka ya mtu anayefunga duka. Tulitakiwa kuondoka kwenye nyumba za wafanyakazi zilizokuwa karibu na jineri, yaani kile kiwanda cha kuchambulia pamba, mahali nilipozaliwa na kukulia. Na hapo ndipo tulipogundua baba alikuwa anajenga wapi.

Alikuwa anajenga kijijini, upande wa Sapiwi. Kiwanja alikipata zamani, enzi ambazo hakuna kiongozi wa kijiji aliyethubutu kumnyima mkaguzi wa pamba kitu akiwa na mizigo yake godaunini. Kilikuwa kiwanja kizuri, chenye udongo mzuri, katikati kabisa ya watu aliowarudisha uani kwa miaka thelathini. Kushoto alimrudisha, kulia alimrudisha, ng'ambo ya bonde aliurudisha ukoo mzima.

Kwetu nyumba huwa inapauliwa na majirani. Unachinja, unapika, watu wanapanda juu ya kenchi, wanatukanana kwa utani, jioni una paa. Baba alipofika hatua ya kupaua alitoa taarifa kijijini, mama akapika sufuria tatu, na hakuja mtu. Hata mmoja. Paa la nyumba yetu lilipigiliwa na mafundi wa kukodi kutoka mjini, na chakula kile tulikila sisi wenyewe siku tatu mpaka nikaichukia nyama. Tulipohamia, mama alikwenda kisimani na ndoo, akasalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," wakamwitikia vizuri, kisha mazungumzo yakakatika na kila mmoja akakumbuka ana kazi nyumbani.

Mama hakuogopa umaskini wala upweke wa kawaida. Aliogopa jambo moja, na alilitaja waziwazi tukiwa tunapeta mchele: "Huyu mtu akifa, nani atamchimbia kaburi?" Msomaji wa mjini ataona ni maneno ya uchuro. Kwetu si hivyo. Kaburi halina mafundi wa kukodi. Majirani ndio wanaochimba, ndio wanaoleta kuni na maji na kulala chini na wafiwa, na mtu waliyemwacha anaachwa hata siku hiyo. Mtu ni watu. Mama alikuwa amewahi kuona jeneza likibebwa na ndugu wanne tu, wanapumzika kila baada ya hatua ishirini, watu wakiwa wamekaa barazani wanatazama. Aliapa hatabebwa hivyo, na mumewe pia.

Kwa hiyo wafanyakazi wenzake baba walipokuja kusema wanataka kumfanyia sherehe ya kumuaga kwenye ukumbi wa jineri, mama alikataa kabla baba hajafungua mdomo. Sherehe itafanyika nyumbani, kijijini, mchana kweupe, na kijiji chote kitaalikwa. Baba alisema ni kujidhalilisha. Mama alimwambia, "Umewakataa miaka thelathini, leo wacha wakukatae wao mara moja, tujue moja."

Alinichukua twende kumwalika mtu mmoja muhimu. Alikuwa mjane, jirani yetu wa kulia, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, ndiye kiongozi wa kundi la majirani wanaolimiana mashamba kwa zamu na kuzikana. Alikopita yeye ndiko kijiji kilikopita. Naye alikuwa na kesi nzito kuliko zote. Mwaka aliofiwa na mume, baba alimrudisha uani mara tatu kwa siku moja, mzigo uleule, mbele ya watu, na alipomaliza kuchambua mara ya tatu karani wa mizani alikuwa amefunga. Mama alimweleza habari ya sherehe kwa unyenyekevu ambao sijauona tena kwake. Mjane alisikiliza huku akipukuchua mahindi. "Nitakuja kuangalia," alisema. Hakusema kusherehekea.

Walikuja. Nilihesabu viti vya kanisa tulivyoazima vikaisha, watu wakakaa kwenye mikeka na kwenye mawe. Mama alikuwa na furaha ya woga. Pilau ilipikwa na shemeji wa mfanyabiashara mmoja wa mjini, maana mama hakujiamini kwenye pilau, na ugali ulipikwa na mama mwenyewe kwa wale wasioamini kitu chenye rangi ya kahawia. Lakini hakuna aliyegusa chakula. Walikaa wameshika sahani wanamtazama baba aliyekaa kwenye meza kuu na shada la maua ya plastiki shingoni, mkavu, kama mtu aliyeletwa kusomewa mashtaka.

Mgeni rasmi alifika amechelewa, ofisa mnene kutoka makao ya ushirika, akatoa karatasi mfukoni na kusoma. Alimsifu baba kwa uhodari. Alimsifu kwa uaminifu. Akamsifu kwa kuendesha magari ya chama miaka yote bila ajali, kwa kutunza matairi, na kwa kutokuwahi kupakia abiria wasio halali. Tulitazamana. Baba hakuwahi kuendesha chochote zaidi ya baiskeli, na hiyo baiskeli iliwahi kumtupa mtoni. Ofisa alisoma mpaka mwisho, akakunja hotuba ya dereva wa watu, akakaa, akaanza kujipepea kwa ile karatasi. Baba alipiga makofi mawili kwa adabu.

Ndipo wenzake wa jineri wakaleta zawadi. Walikuja wanne wanaimba, wamebeba kichwani godoro kubwa la pamba, kitambaa cha mistari ya bluu, limeshonwa vifundo vizuri. Msemaji wao alieleza kwamba kumpa mtu wa pamba godoro la sponji ingekuwa tusi, kwa hiyo walikwenda kwa fundi wa magodoro mjini na kumwagiza ashindilie pamba bora kuliko zote, ili mzee alale juu ya jasho lake. Watu wakapiga vigelegele vidogo. Godoro likawekwa juu ya meza mbili mbele ya baba, wakamwomba alibariki kwa kulikalia.

Baba alisimama, akalizunguka. Nikamwona anatazama mshono wa ubavuni, kisha anakunja mkono wa shati. Mama alikuwa mlangoni na mwiko. Alisema kwa sauti ya chini, "Baba watoto, tafadhali." Hakusikia, au alisikia. Alikata uzi kwa meno, akafungua tundu, akatumbukiza mkono ndani ya godoro mpaka karibu na kwapa, akafumba macho.

Hakuna mtu mzima pale ambaye hakuwahi kusimama akiutazama mkono ule ukiingia kwenye kitu chake. Baba alipapasa, akachomoa tonge. Juu ya godoro palikuwa pameshindiliwa pamba nyeupe iliyochambuliwa kiwandani. Katikati kulitoka pamba ya shambani na mbegu zake, majani yake, imepata rangi ya chai kwa madoa ya wadudu. Fundi wa magodoro alikuwa amefanya kile kile ambacho nusu ya wageni wetu waliwahi kukifanya. Baba aliivuta kati ya vidole gumba, akaisikiliza, akawageukia watu waliomnunulia zawadi kwa michango yao, mbele ya mgeni rasmi na kijiji kizima.

"Fifi," alisema.

Ofisa aliacha kujipepea. Kwetu zawadi haikataliwi; hata kuku mgonjwa unampokea kwa mikono miwili na kumchinja wageni wakishaondoka. Nilijua tumekwisha. Nilianza kuhesabu kichwani ni ndugu gani wanne watakaombeba baba, nikapata watatu, na mmoja kati yao alikuwa na ngiri.

Mjane alinyanyuka kwenye mkeka. Alikuja taratibu mpaka mezani, akamsogeza baba kwa bega bila kumwomba, akatumbukiza mkono wake mwenyewe mle ndani. Alitoa tonge, akalitazama upande huu na upande huu.

"Fifi kweli," akasema kwa sauti ile ya kuitia ng'ombe. Kisha akamwangalia baba. "Namhala," akamwita, yaani mzee, "miaka yote mimi nilijua unanichukia."

"Sikukuchukia, mayu," baba akajibu, akimheshimu kama mama. Alionekana kushangaa kweli. "Nilichukia pamba yako."

"Hata siku ile ya mara tatu?"

"Siku ile ilikuwa na majani mara tatu."

Sijui nani alianza kucheka. Nadhani ni mzee mmoja aliyekaa kwenye jiwe, ndiye, nilikuja kuambiwa, mwenye lile jiwe la kusagia. Kicheko kilipita mkeka hadi mkeka, na wale wa jineri wakacheka kwa kukosa pa kwenda. Watu walikuwa wakirudia kuambiana, kakataa godoro lake, kakataa hadi godoro lake mwenyewe. Jambo waliloshindwa kuliamini miaka thelathini waliliona kwa macho: yule bwana hakuwa na chuki na mtu. Alikuwa na ugonjwa tu, na ugonjwa unavumilika.

Lakini mjane hakucheka. Alinyoosha kidole uani. "Wewe ukisema fifi, sisi ulitufanya nini?"

Baba aligeuka kutazama uani.

"Tandika turubai, namhala. Chambua."

Aliyeleta turubai sikumwona, ila lilitandikwa upesi kuliko nilivyowahi kuona jambo la kijiji likifanyika. Godoro lilipasuliwa ubavu mzima na pamba ikamwagwa juani. Baba alivua koti, akavua lile shada la plastiki, akakaa chini na miguu ameinyoosha, kama wanavyokaa wachambuaji. Akaanza kutoa majani.

Nikwambie kitu ambacho familia ilikificha muda mrefu: baba hakujua kuchambua pamba. Alijua kuiona ilipo mbaya, lakini hakuwahi kuitengeneza. Vidole vyake vilikuwa vizito. Jani moja lilimchukua muda wa mama kusema Baba Yetu. Akina mama walijaa pembeni wakimtazama, wakampa ushauri wa kila aina, wengine ushauri ambao siwezi kuuandika. Alipopata rundo dogo la kujaza kofia, mjane aliinama, akatia mkono katikati ya rundo, akatoa tonge, akalivuta kati ya vidole gumba, akaliweka sikioni, akakunja uso kama baba.

"Fifi. Rudia."

Baba akarudia. Mara ya pili akarudishwa tena. Jasho lilimtoka, shati likaganda mgongoni, na mara ya tatu nilidhani atanyanyuka aingie ndani na kufunga mlango, na hapo mambo yangeisha vibaya kwa ajili ya maisha yetu yote. Badala yake alimtazama mjane na kumuuliza, "Mayu, hivi hizi za madoa mnazitoaje bila kukata nyuzi?" Nilikuwa sijawahi kumsikia akimuuliza mtu swali kuhusu pamba. Mjane alikaa chini karibu naye, akamwonyesha kwa vidole vyake, mara ya kwanza na ya pili. Wenzake wakakaa. Baada ya muda turubai lilikuwa limezungukwa na akina mama kumi na wawili wanachambua godoro la mkaguzi, wazee wamesogeza mawe yao karibu wasipitwe na matusi, na sahani za pilau zilianza kupita juu ya vichwa. Mgeni rasmi alijaribu kuaga kwa heshima, akakosa wa kumuaga, akaondoka.

Jua lilipoanza kushuka, mjane alinyanyuka, akakung'uta kanga.

"Jumatatu tunang'oa miti ya pamba shambani kwangu," alimwambia baba. "Uje na jembe. Hatuhitaji mtu wa kusimama na kuangalia."

Baba alikuwa bado chini, ana majani ya pamba mpaka kwenye nyusi. "Saa ngapi?" aliuliza.

"Kabla jua halijatoka. Ukichelewa tunakurudisha."

"Sitachelewa."

Nilimgeukia mama kumwambia pilau imeisha. Alikuwa amekaa kizingitini, mwiko bado mkononi, machozi yanamtiririka na hayafuti. Niliogopa, nikamuuliza kuna nini.

"Wamemwita kazini," alisema.